Pampu ya petroli ya Morris Minor: kuifungua, kuisafisha na kuiseti upya

Ukigeuza swichi ya Morris Minor iliyo nzima, kabla hujagusa stata, unasikia tak-tak-tak-tak kutoka nyuma ya injini. Inaanza kwa kasi, inapungua, halafu kimya. Hiyo ni pampu ya petroli ya umeme, ya kampuni ya SU, inajaza bakuli la kabureta. Baba yangu, aliyekuwa karani wa kahawa hapa Moshi, hakuwasha gari mpaka kimya kile kifike. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasali.

Gari lile sasa ni langu. Ni Minor 1000 ya mwaka 1963, injini ya sisi 1098, na pampu yake ni ileile ya siku zote. Kazi yangu ni cherehani, si magari. Lakini pampu hii nimeifungua mara nne kwa mikono yangu, na ninaandika kwa sababu kila nikikutana na mtu mwenye Minor au MG ya zamani nasikia ameambiwa pampu ikifa haitengenezeki. Inatengenezeka. Imeundwa ifunguliwe, na karibu kila kitu kilichomo ndani unaweza kukiona kwa macho na kukishika.

Ilipozima mara ya kwanza nilikuwa natoka Arusha, nimeshapita Boma Ng'ombe, kwenye mteremko wa kwenda daraja la Kikavu. Gari lilivutwa mpaka gereji moja mjini. Pale wakaitoa pampu, wakafunga nyingine ya gari la injekta, wakaniambia ni bora kwa sababu ina nguvu. Nguvu ndiyo iliyokuwa kosa. Pampu ya injekta inasukuma kwa psi 40 hivi (psi ni kipimo cha presha), wakati kabureta ya gari hili inataka chini ya psi 3. Petroli iliizidi ile sindano ya floti inayoifungia isiingie kwenye bakuli, bakuli likafurika, ikaanza kudondokea ekzosi, ambayo kwenye Minor iko chini ya kabureta kabisa. Nilisikia harufu nikiwa kwenye mataa, nikazima, nikashuka mbio. Gari halikushika moto, namshukuru Mungu. Kwa hiyo ukitaka kuweka pampu nyingine, uliza kwanza psi yake. Asiyeijua asikufungie.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Pasua aliyezoea magari ya Kiingereza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile ya zamani umeitupa?"

Nikamwambia ipo kwenye boksi, chini ya meza ya cherehani.

"Kailete. Na uje na muda."

Alinikalisha kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhuhuri. Yanayofuata mengi ni yake. Machache nimejifunza mwenyewe baadaye.

Kwanza usikilize

Ndani kuna koili, na mbele yake diaframu iliyoshikana na kisahani kizito cha chuma. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku, inavuta kisahani, diaframu inarudi nyuma na kunyonya petroli kutoka kwenye tangi. Ikifika mwisho, fimbo ya katikati inapindua kibembea kidogo kilicho nyuma, chini ya kofia nyeusi ya bakelaiti. Kibembea kikipinduka, pointi zinaachana na umeme unakatika. Hapo springi ndiyo inayosukuma diaframu mbele na kupeleka petroli kwenye kabureta. Mwisho wa safari hiyo kibembea kinapinduka tena, pointi zinagusana, mzunguko unaanza upya. Bakuli likijaa petroli haina pa kwenda, springi inabaki imebanwa, pointi ziko wazi, na pampu haili umeme wowote.

Ukishaelewa hilo, mlio unakuambia tatizo liko wapi. Pampu iliyo kimya tangu unageuza swichi haipati umeme, au pointi zimechafuka. Igonge taratibu ubavuni kwa mpini wa bisibisi. Ikianza kupiga, ni pointi. Pampu inayopiga kasi bila kukoma inavuta hewa kwenye paipu ya kutoka tangini, au tangi ni tupu. Inayopiga polepole bila kunyamaza wakati injini imezimwa ina petroli inayovuja mahali: angalia kwanza sindano ya kabureta, halafu vali za pampu. Na ikiwa kimya lakini bodi inakuwa ya moto, zima swichi mara moja. Paipu ya kunyonya au chujio limeziba, diaframu imekwama katikati, pointi zimegusana na koili inaungua polepole. Koili ndiyo sehemu ambayo mimi na wewe hatuwezi kuitengeneza nyumbani, kwa hiyo usiiache hivyo hata kwa dakika chache.

Kabla ya kufungua chochote, pima umeme. Chomoa waya wa pampu, uguse kwa taa ya testa, upande wa pili wa testa kwenye bodi ya gari, swichi ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka vizuri, umeme unafika. Sasa angalia ethi ya pampu yenyewe, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari: kuna skrubu ubavuni mwa bodi yake, na waya mfupi kutoka hapo kwenda kwenye bodi ya gari. Mara ya pili nilipopata shida ulikuwa ni huo waya tu. Ulikuwa na kutu ya kijani ndani ya ganda, kwa nje unaonekana mzima. Nilikuwa nimeshaifungua pampu yote.

Kama umeme uko sawa, chomoa paipu kwenye kabureta, tumbukiza mwisho wake ndani ya chupa yenye petroli kidogo, kisha washa swichi. Mapovu machache mwanzoni ni kawaida. Yakiendelea bila kuisha, hewa inaingia upande wa kunyonya: kaza nati za paipu, badilisha washa, zile pete bapa zake. Kwa wingi, mimi nikipata nusu lita kwa dakika naridhika.

Kufungua

Toa waya wa betri. Ondoka karibu na jiko la mkaa, hata kama liko upande wa pili wa uwanja, maana mvuke wa petroli hutambaa chini. Weka ndoo ya mchanga. Mimi hufanyia kazi juu ya sinia pana lililotandikwa kitambaa cheupe, kwa sababu utakayoyaona baadaye yanapenda kubingirika.

Ukiwa na shida ya pointi tu huna haja ya kwenda mbali. Toa nati ya terminali na kofia ya bakelaiti. Kata ukanda mwembamba kwenye kadi ngumu; kadi za michango ya harusi zinafaa sana, na kila nyumba ya Moshi inazo. Ulowanishe kwa spiriti kidogo, upitishe katikati ya pointi, uzibane kwa kidole taratibu, vuta. Rudia mpaka kadi itoke safi. Msasa nautumia pale tu pointi zinapokuwa na vishimo, tena ule laini kabisa. Zikiwa zimeliwa sana zibadilishe pamoja na kibembea chake, kwani zinauzwa kwa seti na Uingereza bado zinatengenezwa. Pini inayoshikilia kibembea ni ya chuma kilichofanywa kigumu maalumu. Nimeona pampu iliyowekewa kipande cha msumari hapo. Kilikuwa kimeshalika upande mmoja, na kibembea kikakwama nusu njia.

Kama diaframu imepasuka au imekakamaa, fungua yote. Chora alama ya penseli kwenye bodi zote mbili za pampu, ya koili na ya chini, ili zirudi zilivyokuwa. Toa skrubu sita, tenganisha. Kisha zungusha diaframu kinyume cha saa, juu ya sinia, mpaka springi iisukume nje. Pamoja nayo zitadondoka rola ndogo za shaba ya njano. Ni 11. Zihesabu kabla hujainuka. Zinakaa kuzunguka kisahani na kukiweka katikati ili kisikwaruze, na ikipotea moja pampu itakwama kila inapojisikia.

Bodi ya chini ina chujio dogo la wavu na vali mbili za visahani vya shaba. Petroli iliyolala miezi inaacha gundi ya kahawia yenye harufu ya uchachu, ngumu kama lakiri. Ioshe kwa spiriti na brashi ya meno. Usitumie magadi makali wala soda kostiki kwenye bodi ya aluminiamu, itaila. Visahani vya vali virudi upande laini ukiangalia chini, mahali vinapokalia. Washa za faiba weka mpya. Za zamani zimeshajikunja na zitapitisha hewa.

Springi iache ilivyo. Fundi mwingine atakushauri uivute kidogo iongezeke nguvu. Springi hiyo ndiyo presha ya pampu yako. Ukiivuta umebadilisha presha, na sumaku inaweza kushindwa kuibana mpaka mwisho.

Kuiseti diaframu

Hapa ndipo mzee alinifanya nirudie mara tano, na hapa ndipo wengi wanakosea, kwa sababu pampu iliyosetiwa vibaya inaweza kupiga vizuri mezani halafu ikazima barabarani.

Hakikisha ile washa ndogo imekaa kwenye kitako cha kisahani. Ingiza springi, upande mpana ukielekea kwenye koili. Pitisha fimbo ya diaframu kwenye tundu la katikati na uikaze kwenye kibembea mpaka kibembea kisiweze tena kupinduka ukisukuma. Kunja ukingo wa diaframu kwa dole gumba, kama unavyokunja pindo la gauni, na dondosha rola moja moja mpaka zitimie 11. Sogeza pembeni kile kibati cha pointi ili kisikudanganye.

Sasa shika koili ikiwa imelala. Sukuma diaframu katikati kwa dole gumba, kwa nguvu lakini taratibu, kisha achia. Kibembea kikikataa kupinduka, legeza diaframu kwa umbali wa tundu moja la skrubu ukingoni mwake, sukuma tena. Tundu jingine. Ukisukuma kwa haraka kitapinduka kabla ya wakati wake na utapata kipimo cha uongo. Itafika mahali utasikia "tik" ndogo, kibembea kimepinduka. Hapo ndipo pa kuanzia kuhesabu: legeza tundu nne zaidi. Diaframu ina matundu sita, kwa hiyo nne ni theluthi mbili za mzunguko. Baada ya hapo usiizungushe tena hata kidogo.

Rudisha kibati cha pointi. Sehemu ya nje ya kibembea ikibanwa kwenye bodi, kibati kiguse ule ukingo mwembamba uliojitokeza pale kilipofungwa. Kisipogusa, kikunje kidogo sana nyuma. Angalia pia pointi zinakutana katikati, moja inapanguza nyingine zinapogusana. Mpanguzo huo ndio unaozisafisha kila siku.

Unganisha bodi mbili, ingiza skrubu sita bila kukaza. Kwenye pampu hizi za zamani diaframu inapaswa ivutwe mpaka mwisho kabla ya kukaza, na mzee alinionyesha njia yake: unapenyeza njiti ya kiberiti chini ya rola moja nyeupe ya kibembea, ili pointi zibaki zimegusana, halafu unampa mtu mwingine awashe umeme wa betri. Kazi hii uifanye pampu ikiwa kavu kabisa, bila petroli. Sumaku inavuta diaframu, nawe unakaza skrubu kwa mshazari, moja hapa, inayofuata upande wa pili. Iwe chini ya nusu dakika, koili isipate moto. Ukimaliza, toa njiti. Mara ya tatu niliisahau, nikakaa saa nzima natafuta sababu ya pampu kukaa kimya huku inachemka.

Terminali nayo ina utaratibu wake: washa ya springi, kichwa cha waya, washa ya risasi, halafu nati, upande wake wenye bonde ukielekea kwenye risasi. Risasi ni laini, inajikamua kwenye uzi wa skrubu na kushika umeme vizuri. Watu huitupa wakidhani ni takataka.

Pampu ya pointi kama hii, isiyo na kifaa cha elektroniki ndani, haijali chanya na hasi. Minor nyingi zina ethi ya chanya, na pampu inafanya kazi tu. Ukinunua mpya ya elektroniki, soma kibandiko chake kabla hujaunganisha, kwa sababu ukigeuza nyaya utaiua papo hapo.

Rudisha pampu kwenye ukuta wa nyuma ya injini, unganisha ethi kwanza, halafu paipu, mwisho waya wa moto. Washa swichi bila kuwasha injini. Itapiga kasi kwa muda kidogo maana paipu ina hewa, kisha ipungue, kisha inyamaze. Kaa dakika tano ukisikiliza. Tak moja baada ya nusu dakika au zaidi haina shida. Pitisha kitambaa cheupe kwenye kila nati na kuzunguka ule mshono wenye skrubu sita, unuse. Ukiendesha wiki moja, zipitie tena zile skrubu kwa bisibisi, kwa sababu diaframu mpya hujibana na kuzilegeza kidogo.