Jinsi ya kupeleka neno kwa mjumbe katika mgogoro wa kiwanja

Katika vilima vya Kadutu, hapa Bukavu, ambako mvua ya usiku mmoja huweza kuteremsha mpaka wa kiwanja pamoja na udongo wake, majirani waliokwisha kutukanana mbele ya watu hawawezi tena kuanza mazungumzo wenyewe, kwa kuwa atakayetangulia kubisha hodi ataonekana ameshindwa. Hapo ndipo mjumbe anapohitajika.

Tafuta kwanza mtu anayeingia nyumba zote mbili bila kuzusha maswali. Mwaka 1971 Marekani, ambayo haikuwa na ubalozi Beijing, ilipitishia ujumbe wake Pakistan, rafiki wa pande zote mbili. Na Henry Kissinger, mshauri wa rais wa Marekani, aliposafiri kwa siri kutoka huko kwenda China mwezi wa Julai, waandishi wa habari waliambiwa kwamba anaumwa tumbo na amekwenda kupumzika milimani. Shemeji yako, hata awe na hekima kiasi gani, hafai, kwa kuwa ni wa upande wako.

Kisha mpe mjumbe swali, usimpe ahadi. Aende jioni, aulize hali ya watoto, anywe chai yake bila haraka, ndipo aseme kama mtu anayewaza peke yake: "Papa Furaha, hivi mwenzako akiurudisha ukuta hatua mbili, wewe utauacha ule mparachichi usimame?" Jibu likiwa hapana, hakuna aliyeomba wala aliyekataliwa, na asubuhi mtasalimiana njiani kama kawaida. Kwa maoni yangu kazi yote iko hapa, na wengi huiharibu kwa kumtuma mjumbe akiwa na bei mkononi.

Wakati huo usiandike chochote, hata kwenye simu, maana ujumbe wa WhatsApp humfikia shangazi kabla ya kumfikia mhusika. Tarehe 27 Oktoba 1962, katika mgogoro wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Kuba, Robert Kennedy, mdogo wake rais wa Marekani, alimwambia balozi wa Umoja wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, kwamba makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki yangeondolewa, mradi jambo hilo lisitangazwe. Dobrynin alipoleta barua ya kuyathibitisha maneno hayo, Kennedy aliirudisha.

Kiwanja, hata hivyo, si kombora. Mkishaelewana, siri na iishe: mwiteni shefu wa avenii, yaani kiongozi wa mtaa wenu, pimeni kwa kamba mbele ya mashahidi, andikeni karatasi, kila mmoja abaki na nakala. Mjumbe asitie saini humo, kwa sababu mvua nyingine itakuja na mtamhitaji tena.