Ziara ya raga ya vijana: laleni kwa wenyeji

Ukiandaa ziara ya timu ya vijana kutoka Nairobi, msiishie Nakuru kutazama heroe. Fikeni Kakamega, nyumbani kwa klabu ya raga ya Kabras Sugar, mji unaoipenda raga kwa dhati. Omba shule mwenyeji iwapokee wachezaji wawiliwawili katika familia za wenzao. Ugali na kuku mezani kwa watu huzaa urafiki ambao hoteli haiwezi kuuzaa. Kibali cha wazazi kiwe cha maandishi, na mwalimu azitembelee nyumba hizo mapema. Mechi iwe siku ya kwanza. Kesho yake changanyeni timu mazoezini, ndipo mwingie Msitu wa Kakamega na kiongozi wa hapo hapo. Mkitangulia msituni, miguu itachoka kabla ya skramu ya kwanza, ule msukumano wa timu mbili kugombea mpira.