Aliyetoka kambini asipikiwe pilau siku ya kwanza

Najua Tanga yetu ilivyo: mtu wetu akirudi salama kutoka kambi ya kizuizini, mbuzi keshachinjwa kabla hajavua viatu. Mimi muuguzi mstaafu nawaomba mngoje. Mtu aliyekonda kambini akishindiliwa chakula siku ya kwanza anaweza kufa, tena huku anawashukuru.

Mwili wenye njaa ya muda mrefu hujila wenyewe, mafuta na misuli. Wanga na sukari zikiingia kwa kishindo, insulini, homoni inayosukuma sukari ndani ya seli, hupanda, na fosforasi, potasiamu na magnesiamu hutoka kwenye damu zikaingia ndani ya seli. Damu ikikosa madini hayo, moyo hupiga ovyo. Waingereza walipoingia kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, Aprili 1945, walikuta watu kama 60,000. Askari wakawagawia vyakula vyao vya makopo kwa huruma. Zaidi ya 13,000 walikufa baada ya kukombolewa. Wengi kwa homa ya chawa na udhaifu, lakini wapo waliomalizwa na hicho chakula.

Kwa hiyo ni hospitali ya Bombo kwanza, jikoni baadaye. Mwambieni daktari hajala vizuri siku ngapi; zikizidi 10, hatari ni kubwa. Atapimwa damu, atapewa vitamini B1 kabla ya kulishwa, na chakula kitaongezwa polepole kwa siku 4 hadi 7.

Mimi naogopa chai kuliko nyama. Shemeji yangu, baharia aliyetiwa kizuizini na wafungwa wa siasa nchi za watu, alifika Makorora usiku akaomba chai tu. Nani amnyime? Dada keshatia vijiko vitano vya sukari. Nikaimwaga. Tukingoja kupambazuke nikampa robo kikombe cha uji wa mchele, mwepesi, nikarudia baada ya saa mbili. Alininunia. Na anune!

Kila asubuhi mbonyeze kwa kidole gumba kwenye muundi, juu kidogo ya kifundo. Hesabu mpaka tano, achia. Kishimo kikibaki, amejaa maji: punguza chumvi, mwarifu daktari. Akihema, akichanganyikiwa au moyo ukimwenda mbio, rudini hospitali saa hiyo hiyo.

Mkate aliouficha kwa hofu ya njaa utaukuta chini ya mto. Usiutoe mbele za watu. Ukikauka, weka mwingine. Mlango usifungwe kwa nje, hata kwa nia ya kumpumzisha. Usimwamshe kwa kumgusa, simama mbali umwite jina. Ya kambini asiulizwe. Akianza mwenyewe, sikiliza, usimkatishe na "yamekwisha hayo".

Wageni wapokelewe barazani, wasizidi wawili kwa mara moja, na halua waliyokuja nayo iliwe huko huko na kahawa.