Kabla ya Kushika Barabara ya Hobart–Launceston

Kutoka Hobart hadi Launceston, kisiwani Tasmania, Australia, ni kama kilomita 200, na mwenye haraka huzimaliza kwa saa mbili na nusu. Wewe tenga siku tatu. Barabara kuu ya sasa inavipita pembeni vijiji vya Oatlands na Ross, na usipokata kona kwa makusudi utafika Launceston ukiwa umeona kondoo tu.

Leseni iwe ya Kiingereza, au uwe na kibali cha kimataifa. Magari hupita kushoto kama Kenya na Tanzania, kwa hiyo hilo halitakusumbua. Matunda yaishie kwenye ndege: Tasmania inalinda mashamba yake, na mbwa wa kunusa hukusubiri pale unapochukulia mizigo. Mmoja aliketi kando ya begi langu akanitazama, nikakumbuka tofaa la jana. Pesa taslimu si lazima ubebe nyingi. Sweta beba, hata Januari.

Mkataba wa gari usome mpaka mwisho, hasa sehemu ya wanyama pori. Uliza utatoa kiasi gani mfukoni mwako kabla bima haijaanza kulipa, na kama inakulinda usiku. Giza likianza kuingia, wanyama hutoka vichakani. Wombati, mnyama wa Australia mwenye kuchimba mashimo, ni mfupi, mnene, na uzito wake huweza kupita kilo 20. Kumgonga ni kama kugonga jiwe. Mizoga ya kando ya lami itakueleza yaliyobaki. Mwezi wa sita jua la Hobart huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, basi chumba cha kulala kiwe kimepatikana mapema.

Maandalizi ambayo wengi huyaruka ni kusoma. Nyumba za mawe utakazopiga picha zinatokana na jasho la wafungwa. Hadi 1853 Uingereza ilikuwa imeshusha zaidi ya 70,000 kisiwani hapa, na mwaka 1856 jina la zamani, Van Diemen's Land, lilibadilishwa kwa sababu lilinuka jela. Pale Campbell Town, mji ulio kwenye barabara hii hii, matofali mekundu yametandazwa kando ya barabara, kila moja na mfungwa wake: jina, umri, meli, kosa, kifungo. Unaanza kusoma ukiwa umesimama, baada ya hatua kumi umeinama, na wizi wenyewe mara nyingi ni wa vitu ambavyo leo visingemfikisha mtu mbali na kituo cha polisi.

Lakini ardhi hii ilikuwa na wenyewe kabla ya wafungwa, na wao hawana matofali. Novemba 1828 Gavana George Arthur alitangaza sheria ya kijeshi dhidi ya wenyeji, na mwaka 1830 akapanga watu zaidi ya 2,000 mstari mmoja wawaswage kama wanavyoswagwa wanyama wa kuwindwa. Mstari ule uliambulia karibu patupu. Waliobaki walipelekwa kisiwa cha Flinders. Waliporudishwa mwaka 1847 walikuwa 47. Utasikia kwamba Truganini, mwanamke mwenyeji aliyefariki 1876, ndiye alikuwa wa mwisho wa watu wake. Usilirudie neno hilo mbele ya mtu: wazao wapo, wamefufua lugha yao, palawa kani, na kisiwa wanakiita lutruwita. Mlima ulio juu ya Hobart una jina lao rasmi, kunanyi, sambamba na lile la Wellington. Jifunze kuyatamka haya kabla hujafika.

Mwisho, viatu. Daraja la Ross lilikamilika 1836 na matao yake yana nakshi 186, nyuso na wanyama na majani, kazi ya mafundi wafungwa. Ukipita juu kwa gari huoni hata moja. Inabidi uegeshe, ushuke hadi ukingoni mwa mto, na nyasi za asubuhi zina umande mwingi.