Kuunganisha programu ya MUMPS na maabara ya mbali

MUMPS, lugha ya kuandikia programu na kuhifadhi data za hospitali, ilizaliwa Boston, katika hospitali ya Massachusetts General, mwaka 1966 na 1967. Ni kongwe, lakini usikimbilie kuitupa. Ujumbe wa HL7 toleo la 2, mfumo ambao maabara na hospitali hutumia kupeana taarifa, ni maandishi yaliyotenganishwa kwa vistari wima (`|`), na kukata maandishi ndiyo kazi lugha hii inayoiweza kuliko nyingi za leo. Inachohitaji ni mlango tu wa kuingilia mtandaoni.

Tuseme maabara iko Himo, seva iko Moshi mjini. Kwenye seva fungua soketi ya TCP, poti 2575, na uyapitishe mawasiliano kwenye VPN (njia iliyofichwa kwa usimbaji), maana HL7 yenyewe husafiri wazi.

Soma baiti moja moja kwa `READ *c:30`. Ujumbe huanza na baiti 11, huisha na 28 ikifuatwa na 13. Kila mstari wa ndani nao huishia na 13, kwa hiyo ukiacha kusoma kwenye 13 ya kwanza utabaki na MSH, mstari wa kwanza wa utangulizi, peke yake. Usiondoe zile sekunde 30 (ile `:30`): umeme ukikatika Himo, `READ` isiyo na kikomo itasubiri bila mwisho.

Kata kwa `$PIECE`, inayotoa kipande kimoja kati ya vistari. Mstari wa taarifa za mgonjwa ukiwa `PID|1||004512`, namba ya mgonjwa ni PID-3 (sehemu ya tatu ya PID), lakini unaandika `$PIECE(mstari,"|",4)`, kwa sababu neno PID limeshachukua nafasi ya kwanza. Kwenye MSH usiongeze moja: kistari chenyewe kinahesabiwa kuwa MSH-1, hivyo MSH-10, namba ya ujumbe wenyewe, ni kipande cha 10.

Namba hiyo usiiguse kwa hesabu. `+"004512"` inakuwa 4512, na katika hifadhi ya MUMPS `^MGONJWA("004512")` na `^MGONJWA(4512)` ni mafaili mawili tofauti. Mgonjwa mmoja anagawanyika, na daktari anaona nusu ya majibu.

Sasa kuhifadhi, ambako ndiko penye hatari kubwa. Kwanza angalia kama MSH-10 imeshawahi kupokelewa. Kama bado, andika jibu la kipimo pamoja na MSH-10 hiyo kati ya `TSTART` na `TCOMMIT`, ili vyote viingie pamoja au visiingie kabisa, ndipo urudishe `MSA|AA`, yaani "nimepokea", yenye namba ileile. Ukijibu AA kabla ya kuhifadhi, seva ikizimika hapo katikati, kipimo kimepotea na Himo hawatakituma tena. Ukihifadhi halafu mtandao ukaanguka kabla ya AA kufika, watatuma upya: ukaguzi wa MSH-10 utazuia jibu lisiingie mara mbili, nawe rudisha AA tena.

Kabla ya kuanza kazi, tuma majibu 50 ya majaribio huku ukichomoa waya wa mtandao mara kwa mara. Kwenye seva yahesabu: yawe 50 kamili.