Kupakia rekodi nyingi za korosho kwenye kanzidata ya PostgreSQL iliyo mbali

Msimu wa korosho ukianza huku Mtwara, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) hulalamika kwamba rekodi za mapokezi zinapanda kwenye kanzidata mchana kutwa. Wengi hulaumu bando. Tatizo ni programu: inatuma INSERT (amri ya kuingiza mstari) ya mkulima mmoja, inasubiri seva ijibu, ndipo itume ya mwingine. Seva ikiwa Ulaya na jibu likichukua milisekunde 150, mistari 100,000 inakula zaidi ya saa nne za kusubiri tu.

1. Hifadhi faili la Excel kama CSV UTF-8.

2. Tengeneza jedwali la muda, mapokezi_ghafi, safuwima zote ziwe text.

3. Fungua psql (programu ya kuiandikia PostgreSQL amri), andika kwa mstari mmoja:

\copy mapokezi_ghafi from 'mapokezi.csv' with (format csv, header)

Usiache ule mkwaju wa mwanzo. COPY bila mkwaju hutafuta faili kwenye diski ya seva, na kwenye seva ya kukodi huna njia ya kuliweka huko. Mtandao ukikatika katikati hakuna mstari unaobaki, kwa hiyo faili kubwa ligawe vipande, kila kipande na vichwa vyake.

4. Hamishia jedwali kuu kwa INSERT INTO mapokezi SELECT. Kazi hii inafanyika ndani ya seva, haisafiri. Lakini nenda polepole hapa, maana data huharibika kimyakimya. Sisi tunaandika siku kwanza. PostgreSQL kwa kawaida yake inaanza na mwezi. 03/11/2024 inakuwa Machi 11, wakati hakuna mnada wa korosho, na hutaona kosa lolote mpaka ikutane na 13/11. Andika to_date(tarehe, 'DD/MM/YYYY') bila kukosa. Kilo zenye mkato, kama 1,250, zisafishe kwa replace(kilo, ',', '')::numeric. Namba za simu nazo Excel huzila sifuri ya mbele: zenye tarakimu tisa pekee ndizo uzirudishie. Ukitumia lpad (amri ya kujazia sifuri mbele) kwa zote, zile zilizoanza na 255 zitakatwa mkia. Kisha linganisha jumla ya kilo na ya vitabu vya ghala kabla ya kufuta jedwali la muda.

5. Malizia kwa amri hii, ili seva isasishe takwimu zake za jedwali:

ANALYZE mapokezi;

Kama programu yako haiwezi \copy, tuma mistari 1,000 ndani ya INSERT moja. Mimi bado nachagua psql. Zile programu za kubofya nyingine hurudia mstari mmojammoja bila kukuambia.