Jinsi ya kukosoa picha ya mwenzako hadi ajue la kufanya

"Picha kali sana, kaka" haimpi mpiga picha chochote cha kufanyia kazi kesho akishika kamera. "Haina mvuto" nayo ni hivyo hivyo, tena inauma. Maoni yenye faida hutaja mambo matatu: unachokiona, kilichosababisha, na la kujaribu. Ukiruka la kwanza, mwenzako hajui unazungumzia sehemu gani ya picha. Ukiruka la pili, ataurekebisha mfano huu mmoja kisha alirudie kosa lile lile mwanga ukibadilika.

Anza kwa kutazama bila kusema kitu, walau nusu dakika. Fungua picha kwa ukubwa wake wote, usiihukumu ikiwa ndogo kama stempu. Angalia jicho lako limetua wapi kwanza, limekwama wapi, na limetokea upande gani. Kisha finya macho mpaka vitu vidogo vipotee na yabaki mabaka ya mwanga na giza. Mara nyingi baka linalong'aa kuliko yote ndilo linalomvuta mtazamaji. Kama si lile ambalo picha inalihusu, umeshapata jambo la kusema.

Kagua pia skrini yako. Zima kichujio cha usiku kinachotia skrini rangi ya manjano, weka mwangaza wa kati. Wapo wanaomlaumu mwenzao kwamba picha ina umanjano, kumbe umanjano ni wa simu yao wenyewe.

Halafu uliza swali moja: "Ulitaka mtu aone nini kwanza?" Jibu lake ndilo kipimo chako. Kama alikusudia mtu aonekane kivuli cheusi mbele ya machweo, usimwambie uso umepotea gizani.

Picha yenye ukungu

Hapa ndipo ushauri mbovu hutolewa kwa wingi. Kila ukungu unaitwa "fokasi mbaya", yaani lenzi haikulenga inapotakiwa, wakati vyanzo vyake vikuu ni vitatu na kila kimoja kina dawa yake. Kuza picha hadi asilimia 100 ndipo utamke.

Ikiwa kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, hata ukuta na mawe, kamera ilitikisika. Kwa kamera ya kushika mkononi, kasi ya shata (kilango kinachofunguka kuingiza mwanga) isiwe ndogo kuliko urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi: milimita 50 isishuke chini ya 1/50 ya sekunde, milimita 200 isishuke chini ya 1/200. Kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kikiwa kidogo, mwambie aongeze kasi zaidi.

Ikiwa ukuta umetulia ila mkono wa mtu umeacha mkia, aliyesogea ni mtu. Tripodi haitasaidia hapo, wala kitulizo cha lenzi, maana hivyo huzuia mtikisiko wa kamera tu. Ajaribu 1/250 kwa anayetembea na 1/1000 kwa anayekimbia. Ndani ya nyumba atahitaji ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kubwa: akitoka 400 kwenda 1600, shata inaweza kutoka 1/60 hadi 1/250 bila picha kuwa nyeusi zaidi. Chengachenga, vile vidoti vidogo kwenye picha, zitaongezeka, na mwambie mapema kwamba hiyo ndiyo gharama. Kwa maoni yetu, uso wenye chengachenga ni bora kuliko uso uliofutika.

Ikiwa kuna sehemu moja iliyo safi kabisa lakini siyo iliyokusudiwa, kwa mfano sikio linaonekana unywele kwa unywele na jicho limefifia, hapo kweli ni fokasi. Mara nyingi tundu la lenzi lilikuwa wazi mno; tundu hupimwa kwa f, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita moja na nusu mbele ya kamera yenye kihisi kikubwa, huacha kina cha sentimita tatu hivi kilicho safi. Kichwa kikigeuka kidogo tu, jicho la pili liko nje. Kwa f/4 anapata karibu sentimita saba. Mwambie pia aweke nukta ya fokasi juu ya jicho lililo karibu na kamera, asiiachie kamera ichague.

Mwanga na pembe za fremu

Kwenye mwanga, kagua weupe. Kuza shati jeupe: kama mikunjo yote imetoweka, sehemu hiyo imeungua. Kabla ya kushauri, uliza alihifadhi faili la aina gani. Kwenye RAW, faili ghafi la kamera, huenda mikunjo ikarudi wakati wa kuhariri. Kwenye JPEG, picha ya kawaida iliyokwisha kubanwa, ikiungua hakuna cha kurudisha, na ushauri wa maana ni kupunguza mwangaza kwa stopu moja, yaani kwa nusu, safari ijayo.

Kisha zungusha macho kwenye kingo nne. Nguzo iliyoota kichwani, mguu uliokatwa kwenye kifundo, upeo wa bahari ulioinama: haya mpigaji hayaoni kwa sababu alikuwa anautazama uso.

Kuyaweka kwa maneno

Linganisha hizi mbili. "Mandharinyuma yamejaa fujo." Na hii: "Macho yangu yanaenda kwanza kwenye ndoo ya manjano iliyo kona ya chini kulia, ndipo yafike kwa mtoto. Ndoo ndiyo kitu pekee chenye rangi ya kuwaka. Kwa sasa unaweza kuikata; siku nyingine sogea hatua moja kushoto, mwili wa mtoto utaifunika." Ya pili inatenganisha kinachorekebishika leo kwa kuhariri na kinachosubiri kupiga upya.

Sifa nayo iwe na sababu. "Mwanga wa dirisha umetoka ubavuni, ukaacha kivuli upande wa pili wa pua, ndiyo maana uso una umbo" inamfundisha jambo la kurudia kwa makusudi.

Kwa anayeanza, chagua kosa moja tu, lile ambalo likirekebishwa picha inabadilika zaidi. Kwa mzoefu, matatu yanatosha. Jambo la ladha liite ladha: "mimi ningeiacha na giza zaidi." Usiseme lolote kuhusu sura au mwili wa aliyepigwa, na usimtume mtu kununua lenzi wakati hatua mbili mbele zingetosha. Usiihariri picha yake bila ruhusa. Akikuruhusu, badilisha kitu kimoja, mwonyeshe kando ya ya kwanza, kisha futa nakala yako.

Kabla hujamaliza, mwombe akuonyeshe picha alizopiga sekunde chache kabla na baada ya hiyo. Mara nyingi ile iliyo nzuri zaidi imo humo: macho yamefunguka, ndoo haipo. Ukiikuta, ziweke mbili hizo sambamba na umuulize kwa nini alichagua nyingine.